Mpira Unaorudishwa Nyuma

Sisi watu wa Kolwezi twajua mpira mmoja, nao ni ule wa miguu. Mtoto akianza kutembea, hupiga kopo tupu njiani. Akipata miaka mitano, hufunga matambara kwa kamba mpaka yawe mviringo, kisha huwaita wenzake. Mimi nami nilikua hivyo, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Tulicheza pekupeku katika vumbi jekundu mpaka mama zetu walipotuita kula bukari. Basi msishangae nikiwaandikia leo juu ya mpira mwingine, ambao si mviringo bali una umbo la yai, na ambao huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Siandiki ili muuache ule wa zamani. Naandika kwa sababu mpira ule wa yai ulinionyesha kosa langu, na kosa lenyewe nalikuta kwa walimu na wazazi wengi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika shule moja ya Kanisa. Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alifariki Kitwe, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia. Koo zetu nyingi za ukanda wa shaba zina nyumba pande zote mbili. Nikasafiri: Likasi, Lubumbashi, kisha Kasumbalesa penye mpaka, ambapo malori yaliyobeba shaba husimama mstari mrefu usioonekana mwisho, halafu Chililabombwe, Chingola, hata nikafika Kitwe. Tulimzika shangazi, tukakaa matanga. Siku ya nne mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka kama 15, akaniambia, "Baba mkubwa, umekaa ndani mno. Twende ukaone mazoezi yetu."

Nikadhani ni mpira niujuao. Kumbe nilipofika uwanjani niliona milango ya goli yenye umbo la ajabu: miti miwili mirefu iliyosimama kama minara, na mmoja wa kulala katikati yake. Vijana wakakimbia katika mstari wa mshazari, mmoja akiwa mbele na wengine wakimfuata nyuma kidogo, na kila aliyekaribia kushikwa alimtupia mwenzake mpira. Lakini aliutupa nyuma! Nikacheka. Nikamwuliza yule kijana, "Mbona mnatupa nyuma, na mnakotaka kwenda ni mbele?"

Akanijibu kwa adabu, "Ndiyo sheria, baba mkubwa. Kwa mkono mpira hautupwi mbele. Anayetaka kwenda mbele akimbie nao mwenyewe. Akishikwa, ampe aliye nyuma yake."

"Na kama nyuma yake hakuna mtu?"

"Basi amepotea."

Neno lile nililichukua kama mzaha tu. Sikujua kwamba lingenirudia.

Yafaa niwaeleze kidogo mchezo huo, ambao ndugu zetu wa Kenya huuita raga. Kila upande una watu 15. Mchezaji hupata alama 5 akiuweka mpira chini, kwa mkono wake, nyuma ya mstari wa wapinzani. Kisha upande wake hupewa nafasi ya kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya ile miti miwili, juu ya mti wa kulala. Ukipita, wanaongezewa alama 2. Wapinzani wakivunja sheria, mkwaju wa adhabu ukipita huleta alama 3. Ikitokea kosa dogo, kama kuudondosha mpira mbele, watu wanane wa kila upande huinama, wakashikana mabega, wakasukumana na wenzao vichwa vikipishana, na mpira huingizwa katikati yao. Hapo mtu mmoja hawezi neno; wanane wasiposukuma kwa pumzi moja, wote hurudi nyuma.

Kitu kilichonipendeza zaidi ni kwamba mchezo huo una nafasi kwa kila umbo la mtu. Mnene na mzito huwekwa mbele kusukuma. Mrefu hunyanyuliwa na wenzake juu ili adake mpira unaorushwa kutoka nje ya mstari. Mfupi mwepesi huwa katikati, akiutoa mpira kwa wazito na kuwapelekea wenye mbio. Mwenye mbio hukaa pembeni. Shuleni kwetu yule mnene alikuwa akiitwa mlangoni tu, au akaambiwa atunze nguo za wenzake.

Usiku ule nilijiuliza: Kwa nini wao wana mchezo huu nasi hatuna? Shaba yao na shaba yetu ni mwamba mmoja chini ya ardhi. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 wageni walichora mpaka juu yake. Upande wetu wakaja Wabelgiji, na mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Upande ule wakaja Waingereza na makampuni yao. Kila mmoja alileta dini, lugha, sheria na hata mpira wa kwao. Katika miji ya migodi ya Zambia, yaani Kitwe, Mufulira, Chingola, Luanshya, migodi ilijenga viwanja vya raga kwa wafanyakazi wake Wazungu. Kule Luanshya, katika klabu ya Roan Antelope, iliwahi kusimamishwa miti ya goli yenye urefu wa zaidi ya futi 110, nayo ilitajwa kuwa mirefu kuliko yote duniani. Siku zile mtu mweusi aliingia katika viwanja hivyo kukata majani, si kucheza. Baada ya uhuru wa mwaka 1964 mambo yaligeuka, na leo wanaocheza ni wana wa nchi wenyewe. Nami nilifurahi kuona kwamba kitu kilichofungiwa mlango zamani sasa kilikuwa mikononi mwa mtoto wa shangazi yangu na mjukuu wake.

Nasi upande wetu, mpira wa miguu uliingia kwa mlango wa misheni na wa kazi. Mapadri Wabenedikto walifika Katanga mwaka 1910, na Wasalesiani wa Don Bosco mwaka 1911. Mwaka 1939, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi waliunda timu, wakaiita Saint-Georges, kwa jina la msimamizi wa maskauti. Ndiyo hiyo ambayo baadaye iliitwa Englebert, na leo ni TP Mazembe. Ilishinda kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, tena 2009, 2010 na 2015. Mwaka huohuo 1939 watu wa reli nao waliunda timu ya Saint-Éloi, ambaye ni msimamizi wa wafua vyuma; nayo ni Lupopo ya leo. Wengi wetu twapiga kelele uwanjani kwa majina hayo, wala hatukumbuki kwamba yalianza kama majina ya watakatifu na kazi ya shule.

Na kule Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, alikuwapo Padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, aliyezaliwa mwaka 1890 na kufa mwaka 1956. Watu walimwita Tata Raphaël. Alijenga shule na viwanja pamoja, kwa kuwa aliona kwamba kijana asiye na mahali pa kucheza atatafuta mahali pengine, na hapo pengine pengi si pema. Uwanja mmoja mkubwa wa mji ule una jina lake hata leo. Kabla yake, Mtakatifu Yohane Bosco, aliyekufa mwaka 1888, alifanya vivyo hivyo katika mji wa Torino: kwanza uwanja na michezo, kisha katekisimu, ufundi na sala. Vijana maskini walimfuata kwa sababu alijua kukimbia pamoja nao.

Raga yenyewe, wasomaji wapendwa, ni mtoto wa shule. Jina lake latoka katika shule ya Rugby, Uingereza. Watu husimulia kwamba mwaka 1823 mwanafunzi mmoja, William Webb Ellis, aliushika mpira kwa mikono akakimbia nao. Lakini habari hiyo haina ushahidi wa kutosha. Lililo hakika ni hili, kwamba mwaka 1845 wanafunzi wa shule ile waliandika sheria za mchezo wao, wao wenyewe, nazo zikapigwa chapa. Mkuu wao wa zamani, Thomas Arnold, aliyeongoza shule ile tangu 1828 hata 1842, aliwapa wanafunzi wakubwa madaraka ya kuwaongoza wadogo. Kwa hiyo wavulana wale hawakungojea mwalimu awape sheria. Walikutana, wakabishana, wakapatana, wakazitii.

Kutoka huko mchezo ukasafiri na walimu. Wamisionari wa Mill Hill walianzisha chuo cha Namilyango, Uganda, mwaka 1902, moja ya shule za zamani kabisa za nchi ile. Katika chuo hicho raga imekuwa mchezo mkubwa, na vijana wake wanajulikana kwa mchezo huo. Mjini Nairobi mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha shule ya Mtakatifu Maria mwaka 1939, nayo pia ina sifa katika raga. Matunda ya shule za Kenya yalionekana mwaka 2016, timu ya nchi ile, katika raga ya watu saba, ilipoishinda Fiji katika fainali ya Singapore, alama 30 kwa 7. Na huko Ufaransa, katika kijiji cha Larrivière, liko kanisa dogo la Mama Yetu wa Raga. Padri mmoja alilitengeneza baada ya wachezaji watatu vijana wa mji wa Dax kufa katika ajali ya motokaa mwaka 1964. Watu huenda pale kuwaombea wachezaji walio hai na waliokufa. Nawaambieni haya ili mjue kwamba mtu anaposema, "Michezo si kazi ya Kanisa," hajui habari.

Sasa nirudi kwetu. Siku ya kuondoka Kitwe, yule kijana alinipa mpira mmoja mkuukuu, ngozi yake imechubuka, akasema, "Peleka kwa wanafunzi wako, baba mkubwa." Niliuweka ndani ya mfuko wa nguo, na pale Kasumbalesa askari wa forodha aliugeuzageuza akiuliza kama ni malimau ya Zambia.

Paroko wetu alinipa ruhusa kwa sharti moja: mtoto asirudi nyumbani amevunjika. Neno la haki. Uwanja wetu hauna majani. Ni mgumu kama sakafu, na wakati wa kiangazi kuanguka juu yake ni kuchunwa ngozi. Basi hatukuangushana. Tulifuata namna ya wanafunzi wadogo: anayekimbia na mpira akiguswa kwa mikono miwili, amekwisha kushikwa, na lazima auachie mpira kwa wenzake. Vijana walicheka sana siku ya kwanza. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kuku gani ametaga hili?" Mpira ukianguka ulirukaruka kama panzi, huku na huku, wala hapana aliyejua utakwenda wapi. Lakini baada ya wiki tatu cheko lilikwisha. Wakaanza kuitana. "Niko hapa! Niko kushoto! Niko nyuma yako!" Shule nzima iliyasikia maneno hayo kila Jumamosi asubuhi.

Sheria za mchezo niliwapa. Lakini sheria moja niliiongeza mimi mwenyewe, nikajivunia. Nilisema, "Atakayekosa mazoezi mara mbili atavua fulana ya timu." Nilidhani ndiyo nidhamu.

Katika darasa la tatu la sekondari alikuwapo mvulana mmoja, mfupi, mwenye mgongo wa nguvu na mikono iliyopasuka kama ya mtu mzima. Kabla ya raga alikuwa akionekana na kupotea. Mara wiki moja yupo, mara siku tatu hayupo. Raga ilipoanza alikuja kila siku. Alikuwa yule wa katikati, atoaye mpira kwa wazito na kuupeleka kwa wenye mbio. Alikuwa na jicho la kuona nafasi kabla haijafunguka. Hata katika hesabu alianza kunyosha mkono. Mwalimu mwenzangu aliniambia, "Mpira wako huu wa yai umetotoa mwanafunzi."

Kisha akakosa Jumamosi moja. Akakosa na ya pili. Jumatatu alipokuja, nilimsimamisha mbele ya wenzake. Sikumwuliza neno lolote. Nilisema, "Sheria ni sheria. Vua fulana." Akaivua. Aliikunja vizuri, mikono ndani, kama mama anavyokunja nguo za Jumapili, akaiweka juu ya jiwe, akaenda zake. Nikajisifu moyoni kwamba nimekuwa mwalimu imara.

Kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa. Katika daftari la mahudhurio niliandika mbele ya jina lake, "Hayupo." Nikaandika vile siku kumi na moja. Kuandika hayupo ni rahisi. Kalamu haitoki jasho.

Ninyi mkaao Kolwezi mwajua atokapo shuleni mtoto wa namna hiyo huenda wapi. Mji wetu, tangu ulipoanzishwa mwaka 1937, umekula kwa mgodi. Lakini zamani baba ndiye aliyekwenda mgodini, na kampuni ilimpa mtoto wake shule. Siku hizi mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye aendaye, wala si mgodini penye taa na kofia ya chuma, bali katika shimo lililochimbwa kwa mikono, au mtoni kuosha mawe ya kobalti, au kubeba magunia mpaka kwa wanunuzi. Mwaka 2014 mtu wa mtaa wa Kasulo alichimba uwanjani kwake akakuta madini, na baada ya hapo watu walichimba mpaka chini ya vitanda vyao. Kobalti hiyo huingia katika betri za simu na za motokaa za nchi tajiri. Mashimo huporomoka. Sisi tuliokwisha kuimba nyimbo za maziko juu ya masanduku mafupi hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Tunashukuru kwamba Masista wa Mchungaji Mwema wamewafungulia watoto wengi njia ya kutoka mashimoni. Lakini watoto ni wengi kuliko mikono ya masista.

Siku ya kumi na moja, jioni, vijana watatu walibisha hodi kwangu. Mkubwa wao, ambaye alikuwa kiongozi wa timu, hakutaka kukaa. Akasema, "Mwalimu, tuna neno, lakini usikasirike."

"Semeni, watoto wangu."

"Ulitufundisha kwamba mwenye mpira akishikwa, walio karibu wafike mara moja. Mwenzetu ameshikwa, nasi tumesimama tu."

"Ameshikwa na nini?"

Wakatazamana. Kisha mdogo wao akasema, "Baba yake ameumia mgongo tangu mwaka jana, hafanyi kazi. Jumamosi ndiyo siku yake ya kubeba magunia. Fedha za Jumamosi ndizo alizokuwa akilipia shule. Wewe ulimfukuza kwa sababu ya Jumamosi, na bila Jumamosi hawezi kuja."

Nilinyamaza. Hapo ndipo neno la yule kijana wa Kitwe liliponirudia: nyuma yake hakuna mtu, basi amepotea. Nilikuwa nimewafundisha watoto kukimbia nyuma ya mwenzao aliyeshikwa, na mimi mwenyewe, mwalimu wao, nilikuwa nimesimama mbele nikipuliza filimbi.

Jumapili baada ya Misa tulikwenda kwake, mimi na wale watatu. Baba yake alikuwa amelala juu ya mkeka barazani. Akajaribu kuinuka kunisalimu, nikamzuia. Mama alituletea viti viwili, ndivyo vyote walivyokuwa navyo. Kijana hakuwapo. Tulimngojea mpaka jua likaribie kuzama. Akaja, amefunikwa na vumbi toka nywele hata vidole vya miguu, na aliponiona akasimama mbali, akidhani nimekuja kumshtaki.

Wasomaji wapendwa, kwa desturi yetu si rahisi mkubwa amwombe mtoto radhi mbele ya wazazi wake. Hata hivyo nilisimama nikasema, "Mwanangu, nimekukosea. Nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe." Yule baba alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, mimi ndiye nilimwambia mtoto huyu kwamba shuleni hakuna anayemjua. Leo umenifanya mwongo, nami nashukuru."

Yaliyofuata si mambo makubwa. Tangu Septemba 2019 Serikali ilipotangaza kwamba masomo ya msingi katika shule zake, pamoja na zile za Kanisa zilizo katika mapatano nayo, yasilipiwe, watu wengi wamepumua. Lakini sekondari bado hulipiwa, na hapo ndipo watoto wengi hukatika. Nilikwenda kwa Paroko na kwa kamati ya wazazi. Wakakubali alipe kidogo kidogo, na jumuiya ya mtaa wake ikaahidi kumsaidia muhula ule. Mazoezi tuliyatoa Jumamosi tukayaweka Jumatano baada ya masomo, naye baba akatoa neno kwamba kijana hatashuka shimoni tena, bali atamsaidia mama yake sokoni. Ile sheria yangu niliifuta. Badala yake vijana wenyewe waliandika nyingine, kama wale wa mwaka 1845, nayo ilisema hivi kwa maneno yao: mwenzetu akikosa mara moja, wawili wetu waende kwake kabla jua halijazama.

Alirudi. Fulana yake ilikuwa bado imekunjwa, hakuna aliyeivaa. Mwaka ule alipanda darasa. Sitawaambia kwamba amekuwa mchezaji mashuhuri au mtu mkubwa, maana sivyo. Ni mwanafunzi kama wengine, na kwangu hilo latosha. Wala siwafichi kwamba mdogo wake hatukuweza kumrudisha. Alikuwa amekwisha kuzoea fedha ya mkononi. Kila nikipita njia ya mtoni namtafuta kwa macho.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kuchukua mfano wa wanaoshindana mbio uwanjani. Nami si mtume, ila nachukua mfano wangu. Mwaka 2018 Roma ilitoa maandiko maalumu juu ya michezo, ikitukumbusha kwamba mchezo ni kwa ajili ya mtu mzima, mwili na roho, wala si kwa ajili ya ushindi na fedha tu. Kwa hiyo nauliza: Mchezo shuleni ni wa nini? Wengine husema ni wa kuleta kombe. Wengine husema ni wa kupoteza wakati. Mimi nasema ni kamba. Wako watoto ambao sarufi haiwezi kuwashika, wala hesabu, wala hata katekisimu kwa siku za kwanza. Lakini mchezo huwashika. Na mwalimu aliyepewa kamba hiyo asiitumie kama fimbo.

Wazazi, mtoto akirudi amechelewa ana vumbi la uwanjani, mkemeeni ikiwa kazi za nyumbani zimelala. Lakini mshukuru Mungu kwamba ni vumbi la uwanjani. Walimu wenzangu, mtoto asipokuja, tuulize kabla ya kuandika. Nanyi vijana, iwe mwacheza mpira mviringo au ule wa yai, jifunzeni sheria ile ya kutazama nyuma. Mwenye akili akitangulia darasani, aangalie ni nani anayemfuata. Aliyepata kazi njema mjini akumbuke kwamba alipewa mpira na mtu.

Bado ninalo lile daftari la mahudhurio. Zile "Hayupo" kumi na moja sikuzifuta, nimeziacha ili zinisome mimi. Na wiki hii, katika darasa la pili, yako majina mawili ambayo hayajaitikia tangu Jumatatu. Kesho ni Jumatano. Baada ya mazoezi twakwenda kwao.

Mungu atubariki sote.